Memori kadi ya TB 1 kwa bei ya chaja: Ukubwa ndio unaoficha ubovu

Kwenye meza za vifaa vya simu Kariakoo, Dar es Salaam, na kwenye maduka ya Luthuli jijini Nairobi, memori kadi hupangwa kama pipi. GB 32, GB 64, GB 128, halafu pembeni kuna zile zinazovuta macho: TB 1, nyingine TB 2. Ajabu ni kwamba baadhi ya hizo kubwa huuzwa kwa bei isiyozidi ya chaja nzuri.

Mteja mwenye simu ya GB 64 iliyojaa, inayomwambia kila siku afute vitu, anaona bahati imemwangukia. Anaichukua, anaichomeka, simu inaandika TB 1. Amemaliza.

Miezi sita baadaye picha za mtoto hazifunguki.

Bei halali ya kadi hizi inajulikana. Februari 2019 huko Barcelona, SanDisk na Micron zilitangaza microSD zao za kwanza za TB 1, na ile ya SanDisk iliwekewa bei ya karibu dola 450 za Marekani. Baadaye bei ikaporomoka hadi chini ya dola 100. Hata hapo, kwa pesa ya Tanzania, bado ni laki mbili na kitu.

Kisha upepo ukageuka. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za chipu za kumbukumbu zimepanda duniani, kwa sababu vituo vikubwa vya data vinavyojengwa kwa ajili ya akili mnemba vinazinunua kwa wingi. Kadi halali inapopanda bei, ya bandia haina sababu ya kupanda, maana ndani yake hakuna hiyo terabaiti. Pengo kati ya hizo mbili linapanuka, na kishawishi nacho kinakua.

Simu haipimi, inauliza

Watu wengi wanaamini kwamba simu ikionyesha TB 1, basi ni TB 1. Wauzaji wengine wanaamini hivyo pia, tena kwa moyo safi. "Si unaona mwenyewe imeandika?"

Tatizo ni kwamba simu haipimi kadi. Inaiuliza. Ndani ya kila kadi kuna chipu ndogo ya usimamizi, na kazi yake mojawapo ni kujibu swali hilo: una nafasi kiasi gani? Anayetengeneza kadi bandia anachukua kadi yenye GB 16 au 32 za kweli, anabadilisha programu ya hiyo chipu ili ijibu "TB 1", kisha anachapisha nembo juu. Simu inapokea jibu na kulionyesha kwa mteja kama lilivyo. Kompyuta nayo hivyo hivyo.

Mwanzoni kila kitu kinakwenda vizuri. Nyimbo zinaingia, picha zinafunguka, video inacheza. Kasheshe inaanza pale nafasi ya kweli inapokwisha. Baadhi ya kadi hizi hurudi mwanzo na kuandika juu ya vitu vya zamani, kimyakimya. Nyingine hupokea faili na kulitupa, bila kusema lolote. Jina la faili linabaki kwenye orodha, hata ukubwa wake unaonekana, kwa kuwa orodha hiyo huwekwa mwanzoni mwa kadi, kwenye sehemu ambayo ni nzima. Ukigusa, picha ni nusu, nusu nyingine kijivu. Au haifunguki kabisa.

Hapo ndipo ukubwa unapofanya kazi ya kuficha. Kadi ya GB 8 iliyo mbovu ingejulikana ndani ya wiki. Hii iliyoandikwa TB 1, lakini ndani ina GB 32, inampa mwenyewe muda mrefu wa kuiamini.

Pigeni hesabu. Picha moja ya simu ya kawaida ikichukua MB 3, GB 32 inabeba picha zaidi ya elfu kumi. Mama anayepiga picha tatu au nne kwa siku anaweza kukaa miaka bila kufika mwisho wa nafasi ya kweli, na kwa kuwa simu inamwambia bado ana nafasi ya kumwaga, hana sababu ya kutoa nakala. Mpiga video wa harusi yeye atajua mapema. Video ya HD kamili inayokula MB 130 kwa dakika inamaliza GB 32 kwa saa nne hivi. Yaani kadi inaishiwa kweli wakati wa mnuso, maharusi wakiwa ukumbini, na kamera inaendelea kuonyesha taa nyekundu ya kurekodi kana kwamba mambo ni shwari.

Harusi hairudiwi. Hiyo ndiyo hasara yenyewe, na haiko kwenye bei ya kadi.

Kuipima ni kazi ya siku nzima

Njia ya uhakika ipo na ni ya bure. Programu kama H2testw ya Windows na F3 ya Linux na Mac hujaza kadi yote kwa data, kisha huisoma yote na kulinganisha. Kilichoingia kikitofautiana na kilichotoka, kadi ni ya uongo au ni mbovu.

Shida ni muda. Kadi inayoandika MB 20 kwa sekunde, ikiwa kweli ina TB 1, itachukua karibu saa 14 kujazwa, na hapo bado kusomwa. Kama inaandika MB 10 kwa sekunde, ni karibu saa 28. Nani atasimama dukani muda wote huo? F3 ina kipimo cha haraka kinachofanya kazi kwenye Linux kwa dakika chache, lakini ni wauzaji wangapi wana kompyuta ya Linux kaunta?

Kwa hiyo "tumeijaribu hapa hapa" ya dukani, ambapo muuzaji anaweka nyimbo mbili na kuzicheza, haithibitishi chochote. Nyimbo hizo zimeingia kwenye sehemu nzima.

Kuna dalili za kuangalia kwa macho, na hazihitaji saa 28. Kwenye kadi halali kuna herufi ndogo. HC maana yake kadi isiyozidi GB 32. XC ni kuanzia juu ya hapo hadi TB 2. UC ni zaidi ya TB 2, na kiwango hicho kilitangazwa mwaka 2018 na chama kinachosimamia kadi za SD, kikiruhusu hadi TB 128 kwenye karatasi. Kadi iliyoandikwa TB 1 na alama ya HC imejishtaki yenyewe. Iliyoandikwa TB 4 au TB 8 na alama ya XC, vilevile.

Kwa taarifa tu: kadi halali ya TB 1 ikionyesha GB 931 kwenye kompyuta ya Windows hiyo si wizi. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Nani anashika mizani?

Tanzania ina Wakala wa Vipimo. Wakaguzi wake wanapita kwenye mizani za wafanyabiashara na pampu za mafuta, na vita yao na lumbesa inajulikana hadi mashambani. Mchuuzi akipunja gramu za sukari kuna mtu wa kumfuata. Lakini anayeuza GB 32 kwa jina la TB 1 amempunja mteja sehemu 31 kati ya 32, na sokoni hakuna mizani ya gigabaiti.

Sheria si kwamba haipo. Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia kupitia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 na mamlaka yake. Ugumu uko hapa: sheria za bidhaa bandia zimejengwa zaidi kulinda nembo ya mtu. Kadi iliyochapishwa nembo ya kampuni kubwa inaingia moja kwa moja. Ile isiyo na jina, au yenye jina ambalo halipo popote, haijaiba nembo ya yeyote. Imedanganya kiasi tu. Huyo mlalamikaji wa kampuni hayupo, anabaki mteja peke yake.

Na mteja mara nyingi hana risiti. Hata akiwa nayo, chini imeandikwa "mali ikiuzwa hairudishwi", na ubovu umejitokeza miezi kadhaa baadaye. Muuzaji naye anaweza kusema, bila kudanganya, kwamba naye aliuziwa hivyo hivyo kwa jumla.

Ukiangalia wanaoumia, si wenye simu za bei mbaya. Samsung iliondoa tundu la kadi kwenye simu zake kubwa tangu Galaxy S21 ya Januari 2021, na iPhone haikuwahi kuwa nalo. Wanunuzi wa simu hizo wanalipia nafasi ya ndani au hifadhi ya mtandaoni. Kadi imebaki kuwa kitu cha mwenye Tecno, itel au Infinix ya bei nafuu, ambaye bando la kupandisha picha kila siku kwenda Google ni anasa. Asiye na nakala ya pili ndiye anayeuziwa kadi isiyoaminika.

Hata halali inachoka

Tuseme mteja amelipa bei ya kweli na amepata kadi ya kweli. Amesalimika? Kiasi.

Kumbukumbu ya kadi ni mamilioni kwa mamilioni ya seli zinazohifadhi chaji ya umeme. Zamani seli ilikuwa kama taa: imewaka au imezimwa, basi. Ili kubana nafasi kubwa kwenye kipande kisichozidi ukucha, seli moja sasa inabeba biti tatu au nne. Ni kama ndoo ya maji yenye alama 8 ubavuni, au 16, na kadi inatakiwa kusoma maji yamefika alama gani. Maji yakipungua kidogo tu, jibu linabadilika. Kila seli inapoandikwa na kufutwa inachakaa kidogo, na chaji huvuja taratibu hata kadi ikiwa kabatini. Joto linaharakisha uvujaji huo. Kwa hiyo kadi ya kumbukumbu za familia iliyofungiwa kwenye droo kwa miaka, bila kuguswa, haiko salama kama albamu ya picha za karatasi.

Kufa kwake nako kuna mtindo. Mara nyingine kadi hugoma kuandikwa lakini inakubali kusomwa. Mwenyewe anafuta picha, anazima simu, akiwasha zimerudi zote. Wapo wanaodhani ni mambo ya kishirikina. Kumbe ni kadi inayoaga, na mwenye bahati ni yule anayehamisha vitu vyake siku hiyo hiyo badala ya kuendelea kuifomati.

Mara nyingine haiagi. Inakata ghafla. Na tofauti na flashi za zamani ambazo fundi angeweza kuzifungua na kuitoa chipu ya kumbukumbu, microSD ni kipande kimoja: chipu ya usimamizi na kumbukumbu zimefunikwa pamoja. Kuokoa data kunahitaji maabara inayokwangua ganda hadi kwenye njia za umeme za ndani, kwa gharama inayozidi bei ya kadi mara nyingi. Fundi wa kawaida wa simu hana vifaa hivyo.

Upo pia mtego wa Android ambao hauelezwi dukani. Tangu toleo la 6 la mwaka 2015, baadhi ya simu humpa mtu chaguo la kuifanya kadi kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani. Linavutia, kwa sababu programu zinahamia huko. Lakini kadi hiyo inafungwa kwa ufunguo ulioko kwenye simu ile tu. Simu ikivunjika au ikiibiwa kadi ikabaki, kilichomo hakisomeki kwingine. Asiyelijua hilo ataihangaikia kadi nzima kabisa akidhani imekufa.

Basi inafaa kwa nini?

Inafaa sana, ila kwa kazi zake.

Kazi inayoipenda kadi kubwa kuliko zote ni kusoma. Kujazwa mara moja, kisha kusomwa tena na tena. Filamu, mawaidha, mahubiri, nyimbo za kwenye redio ya kijiweni. Shule isiyo na intaneti inaweza kuweka Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha, kupitia mradi wa Kiwix, kwenye takribani GB 100, wanafunzi wakaisoma kwa kompyuta ndogo ya bei nafuu kama Raspberry Pi. Kusoma hakuichoshi kadi kama kuandika, na ikifa hakuna kilichopotea ambacho hakiwezi kupakuliwa upya. Hapo TB 1 ni neema.

Kamera za ulinzi na za kwenye dashibodi ya gari ni habari nyingine. Hizo zinaandika usiku na mchana, zikifika mwisho zinarudi mwanzo. Hapa ukubwa ni faida ya kweli, na sababu si kuhifadhi siku nyingi tu. Kamera inayoandika GB 10 kwa saa inazalisha GB 240 kwa siku. Kadi ya GB 32 inazungushwa zaidi ya mara saba kila siku, ya TB 1 mara moja kwa siku nne. Uchakavu unasambaa. Micron ilipotangaza microSD ya TB 1.5 mwaka 2022, iliilenga kazi hiyo hiyo, ikisema inaweza kubeba miezi minne ya video mfululizo.

Lakini kadi ya kawaida, hata halali, haikutengenezwa kwa ajili hiyo, na dhamana za kadi nyingi za kawaida zinatenga wazi matumizi ya kurekodi bila kusimama. Zipo zinazoandikwa "Endurance", na hizo hupimwa kwa saa. Max Endurance ya SanDisk ya GB 256 inatajwa kwa saa 120,000 za kurekodi video ya HD kamili. Mwenye gari anayeweka kadi ya simu kwenye kamera ya dashibodi, kisha anaiacha juani Dodoma mchana kutwa, atagundua siku ya ajali kwamba kamera ilikuwa pambo.

Kwa wapiga picha na video za kulipwa, hesabu inageuka tena. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inachukua GB 45 kwa saa, hivyo TB 1 ni saa 22. Hakuna sherehe ya saa 22, hata ikianzia nyumbani kwa bibi harusi ikaishia kwenye vunja jungu. Kinachohitajika zaidi ni kasi isiyoshuka: alama ya V30 ni ahadi ya MB 30 kwa sekunde bila kupungua, V60 na V90 mara mbili na mara tatu yake. Ile namba kubwa iliyochapishwa mbele ya pakiti kwa kawaida ni kasi ya kusoma, na ya juu kabisa, siyo ya kuandika.

Ndiyo maana ukubwa unaendelea kupanda huku wapiga picha wengi wakibaki chini. SanDisk ilionyesha kadi ya TB 4 huko Las Vegas Aprili 2024, lakini mwenye kamera ya matundu mawili anaona maana zaidi kuweka kadi mbili za GB 128 zinazorekodi kitu kilekile kwa pamoja, na kubadilisha jozi kila baada ya saa mbili. Jozi ya kanisani inatolewa kabla msafara haujaenda ukumbini: kadi moja inabaki kwenye begi la kamera, nyenzake inaondoka na msaidizi, kwenye gari tofauti.